Ujasiri wa Kusema "Leo Siwezi"

Wanafunzi wenzangu wa zamani, nanyi vijana mnaokalia madawati tuliyoyaacha:

Nimeombwa niseme machache juu ya kazi serikalini. Kwa ruhusa yenu nitaanzia mbali kidogo, katika milima ya Alpi.

Majira ya baridi ya mwaka 2012 nilikuwa masomoni Geneva, Uswisi. Siku za mapumziko nilivuka mpaka kwenda Mieussy, Ufaransa, kijiji ambako mwaka 1978 warukaji watatu wa miavuli walianza kuruka kwa kukimbia mteremkoni badala ya kujitupa kutoka ndegeni. Mchezo huo leo huitwa paraglaidi.

Siku za kwanza hatukuruka hata kidogo. Tulitandaza bawa la kitambaa juu ya theluji, tukauelekea upepo, tukakimbia mpaka likasimama juu ya vichwa vyetu. Tulianguka, tukarudia. Mwalimu alitueleza kwamba asubuhi za baridi humfaa mwanagenzi, kwa kuwa jua ni hafifu na hewa hutulia. Lakini baridi nayo ina yake: kila upandapo mita 1000, hewa hupoa kwa takriban digrii 6.

Siku ya kuruka ilipowadia, nilikuwa Mwafrika peke yangu pale mlimani. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi ndani ya glavu, wala sikuihisi mishikio ya breki, nayo ndiyo usukani. Ukivuta wa kulia, unakwenda kulia. Ukivuta yote miwili karibu na ardhi, unatua taratibu. Nilitaka kunyamaza, wasije wakasema mtu wa nchi za joto ameogopa. Zamu yangu ilipofika nikajikaza, nikasema: "Mwalimu, vidole sivisikii." Akanifungua mikanda bila kunicheka. Nilishuka kwa miguu, bawa mgongoni, machozi yakinilenga.

Wiki iliyofuata, kwa glavu nene zaidi, niliruka. Nilikaa angani dakika chache tu, nikatua salama, ingawa kwa makalio. (Kicheko.)

Ndugu zangu, serikalini nimeletewa majalada niyatie sahihi upesi, wakubwa wakisubiri, nami sijayaelewa. Kila mara nakumbuka vile vidole, nayarudisha niulize. Sahihi ya mtu aliyeona haya kuuliza haimwangushi yeye peke yake.

Vijana, mwalimu akiuliza nani hajaelewa, nyosheni mikono. Sisi tuliokaa hapo kabla yenu tuliogopa kuchekwa, na wengine tulichelewa sana kujifunza.