Nyumba Zilizo Kando ya Mto: Sheria, Ubomoaji na Kazi ya Polisi

Mazungumzo na viongozi wa mitaa, wenye nyumba na wapangaji wa Kasese na Bwera

Mazungumzo haya tuliyatoa kwanza Kasese mjini, na leo tumeyaleta Bwera, kwa kuwa shida ni ile ile. Kinachobadilika ni jina la mto tu. Kule ni Nyamwamba, huku ni Lhubiriha.

Swali tunaloulizwa kuliko yote, kituoni, sokoni na hata kwenye redio, ni hili: “Kwa nini polisi mnakuja kutubomolea nyumba?” Jibu lake fupi ni kwamba polisi hawana mamlaka ya kubomoa nyumba ya mtu yeyote. Jibu refu ndilo lililotuleta hapa, nasi tunaomba subira yenu.

Tuanze na ardhi yenyewe. Mji wa Kasese ulizaliwa na shaba. Reli kutoka Kampala ilifika mwaka 1956 ili kubeba shaba ya Kilembe, na kampuni ya mgodi ikawajengea wafanyakazi nyumba za safu kando ya bonde. Wachimbaji walitoka pande nyingi, wakakutana kwa Kiswahili, na hiyo ni sababu mojawapo ya sisi kuweza kuzungumza nanyi leo kwa lugha hii bila mkalimani. Mgodi uliposimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu hawakuondoka wote. Walizaa, wakaongezeka, wakatafuta mahali pa kujenga. Lakini wapi? Juu kuna Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Rwenzori, chini kuna Hifadhi ya Queen Elizabeth, na sehemu kubwa ya wilaya yetu imo ndani ya mipaka hiyo. Kilichobaki ni miteremko mikali na ukanda wa tambarare unaopitiwa na mito. Mwenye kujenga kando ya mto, basi, mara nyingi hakufanya hivyo kwa ukaidi. Alijenga pale alipopata.

Hilo twalisema mapema ili mtu yeyote asidhani kwamba tunawaona wakazi wa kingo za mito kuwa wahalifu.

Lakini mto nao una kumbukumbu yake. Mei 2013 Nyamwamba ulifurika, ukashuka na mawe makubwa kuliko magari, ukavunja nyumba na madaraja, na wagonjwa wa hospitali ya Kilembe wakalazimika kuhamishwa. Mei 2020, nchi ikiwa imefungwa kwa sababu ya Korona, mto ule ule ulirudi tena, na usiku ule haukuwa peke yake: Mubuku, Nyamugasani na Lhubiriha yote ilipasua kingo zake. Hospitali ya Kilembe ilipigwa mara ya pili. Familia zilizokosa makazi zilipelekwa kambini Muhokya, na kwa baadhi yao kambi iliyokusudiwa kuwa ya miezi michache ikawa makazi ya miaka. Kisha Septemba 2022, huko Kasika katika Rukoki, mlima wenyewe uliteremka usiku juu ya watu waliolala. Walikufa watu zaidi ya 10, wengi wao akina mama na watoto.

Askari wetu ni miongoni mwa wanaofika kwanza penye maafa ya namna hii. Afisa aliyewahi kusaidia kufukua matope kwa jembe la kuazima akimtafuta mtoto haisomi tena kanuni ya kingo za mito kama karatasi ya ofisini.

Kanuni yenyewe yasemaje? Ni ya mwaka 2000, nayo inahusu ardhi oevu, kingo za mito na fukwe za maziwa. Kwa mito mikubwa iliyotajwa katika jedwali lake, ukanda wa ulinzi ni mita 100 kutoka ukingoni. Kwa mito mingine ni mita 30. Kwa hiyo mita 30 ndicho kiwango cha chini kabisa, nazo ni kama hatua 40 za mtu mzima. Nenda ukahesabu leo jioni kutoka ukingo wa Lhubiriha hadi mlangoni mwako. Katiba nayo, katika ibara ya 237, inasema kwamba mito, maziwa na ardhi oevu hushikwa na serikali kwa niaba ya wananchi wote. Na Sheria ya Mipango ya mwaka 2010 imeifanya nchi nzima kuwa eneo la mipango. Zamani mtu aliweza kusema, “Mimi niko kijijini, mipango ni ya Kampala.” Tangu mwaka huo neno hilo halina nguvu tena, iwe Nyakasanga, iwe Mpondwe. Kabla ya kuchimba msingi, unahitaji kibali cha uendelezaji kutoka kamati ya mipango, kisha kibali cha ujenzi chini ya Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya mwaka 2013.

Hapa ndipo penye donda, na tutakaa hapa kidogo.

Watu wengi wanaokuja kituoni wakilia wana karatasi mkononi. Ni makubaliano ya mauzo, yameandikwa vizuri, yana sahihi za mashahidi na muhuri wa LC I. Mtu ametoa akiba yake yote, pengine faida ya miaka mingi ya kuuza samaki au nguo Mpondwe, na anaamini muhuri ule umempa haki ya kujenga. Ndugu zetu, muhuri wa LC I unashuhudia kwamba fulani amemuuzia fulani, basi. Haugeuzi ukanda wa mto kuwa kiwanja, wala si kibali cha kujenga. Wenyeviti, tunawaheshimu, nasi twajua kwamba ada ya muhuri ni riziki ndogo isiyo na mshahara nyuma yake. Hata hivyo tunawaomba: unapoletewa makubaliano ya ploti iliyo karibu na mto, nenda uione kwa macho kabla ya kugonga muhuri, na umwambie mnunuzi ukweli mbele ya muuzaji. Neno moja la mwenyekiti siku ile lina thamani kuliko malalamiko mia moja siku ya tingatinga.

Tena kuna wauzaji wanaojua vizuri kwamba ardhi ile haijengeki, au wanaouza ploti moja kwa watu watatu. Hao ni kazi yetu. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa la jinai, na aliyeuziwa hivyo aje kituoni na makubaliano yake, majina ya mashahidi na ushahidi wowote wa malipo, hata ule wa simu. Asingoje nyumba ibomolewe. Lakini kama ugomvi ni wa nani mwenye ardhi kati ya ndugu wawili, au mpaka wa shamba umepita wapi, polisi si mahakama. Tutahakikisha hampigani, kisha tutawaelekeza panapohusika.

Akina mama wametuuliza: mume akiiuza nyumba tunamoishi bila mimi kujua, je? Sheria ya Ardhi inataka ridhaa ya mwenzi kabla ya kuuza ardhi ambayo familia inaishi au inajipatia chakula. Mauzo yasiyo na ridhaa hiyo yanaweza kupingwa. Na jambo lingine, kwa sababu wengi husikiliza redio za Kampala: habari za kibanja na busuulu mnazozisikia ni za ardhi ya mailo kule Buganda. Ardhi yetu hapa kwa wingi ni ya kimila. Katiba inaitambua, lakini mtu asibebe kinga ya kule akadhani itamfaa huku.

Sasa ubomoaji. Nyumba huondolewa kihalali kwa njia mbili kuu. Njia ya kwanza ni amri ya mahakama, baada ya kesi. Njia ya pili ni notisi ya mamlaka ya mipango au ya mazingira, inayomtaja mwenye jengo, inaeleza kosa na kumpa muda wa kurekebisha au kuondoa. Alama nyekundu ukutani peke yake haitoshi. Una haki ya kuuliza karatasi yake iko wapi. Ukipewa notisi, usiichane wala usiifiche chini ya godoro. Ipeleke manispaa au halmashauri ya mji siku hiyo hiyo, uombe maelezo kwa maandishi, na kama una pingamizi liweke ndani ya muda uliotajwa. Tumewaona watu wenye hoja nzuri wakishindwa kwa sababu walikuja kuzitoa baada ya paa kuanguka.

Kwa upande wa mahakama, Jaji Mkuu alitoa maelekezo mwaka 2021 kuhusu namna ya kuwaondoa watu katika ardhi. Watu wapewe taarifa mapema. Uondoaji ufanyike siku ya kazi, mchana, si usiku, si mwisho wa juma, wala si sikukuu. Utu wa wanaoondolewa uheshimiwe, na mali yao isiharibiwe ovyo. Mwaka 2022 likafuata agizo la Rais kwamba uondoaji usifanyike bila kamati ya usalama ya wilaya, inayoongozwa na RDC, kujua na kukubali. Polisi wanapofika siku hiyo, wamekuja kulinda amani ya pande zote mbili. Askari hashiki nyundo. Mkimwona aliyeshika, uliza jina na namba yake, kisha uje kwa kamanda wa wilaya.

Kinachotokea sheria hii isipofuatwa mnakijua. Agosti 2020 kanisa la Mtakatifu Petro la Ndeeba, Kampala, lilibomolewa usiku, saa za kafyu. Waumini walikuta vifusi asubuhi. Maafisa wa polisi walikuwa miongoni mwa waliokamatwa kwa ajili ya usiku ule. Tunalitaja bila kuficha, kwa sababu kila kamanda katika nchi hii analikumbuka anapoletewa karatasi ya kubomoa saa za jioni.

Na hapa Kasese kuna jambo zaidi. Twajua sare hizi zinapoingia mtaani kwa wingi baadhi yenu hukumbuka Novemba 2016. Hatutarajii msahau. Ndiyo maana tumewaomba manispaa na halmashauri ya mji kwamba siku ya zoezi lolote, mwenyekiti wa LC I awepo, afisa wa mipango awepo, na maelezo yatolewe kwanza kwa Lhukonzo na Kiswahili, kabla ya mashine kuwashwa.

Nanyi, kwa upande wenu, msiwaweke watoto mbele wala msichome matairi barabarani. Jiwe linalorushwa halichagui, na barabara ya Mpondwe ikifungwa ni wachuuzi wenu wenyewe wanaoozewa na nyanya. Tena angalieni wezi. Siku ya kubomoa, mabati, milango na fremu za madirisha hupotea kwa dakika chache, na mara nyingi mwizi ni mtu anayejifanya kusaidia. Mwenye nyumba akiona kwamba muda wa notisi unakwisha na hana pingamizi, afadhali aezue mwenyewe mapema. Tukiarifiwa, tutaweka doria mahali hapo.

Wapangaji wa vyumba vile tuviitavyo mizigo husahauliwa sana. Mwenye nyumba aliyepokea notisi kisha akachukua kodi ya miezi sita mbele bila kumwambia mpangaji, huyo amedanganya, na mpangaji aje atuone. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 inamkataza mwenye nyumba kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama. Kung'oa mlango au kuezua bati ili mtu ahame mwenyewe si njia ya mkato, ni kosa.

Mtatuuliza: tukiondoka, tuende wapi? Polisi hatuna ardhi ya kugawa, wala hatutaahidi tusichonacho. Lakini ni maoni yetu kwamba notisi inayomwambia mtu atoke bila kumwonyesha pa kwenda humrudisha mtoni. Tumewaona waliokimbia mafuriko ya 2020 wakirudi kwenye viwanja vile vile, kwa kuwa bustani iko pale, mchanga wa kuuza uko pale, na shule ya watoto iko karibu. Neno hili tunalipeleka katika kamati ya usalama ya wilaya. Nanyi lipelekeni kwa madiwani wenu wakati wa kupanga bajeti, kabla ya mvua.

Kwa ndugu zetu wa Mpondwe, jambo moja la mwisho. Mto Lhubiriha ndio mpaka wetu na Congo, na wengine husema kwamba ng'ambo, Kasindi, hakuna anayewasumbua wanaojenga ukingoni. Ya ng'ambo yana wenyewe. Ukingo wa huku uko chini ya sheria za Uganda, na maji ya 2020 hayakumuuliza mtu kitambulisho.

Afisa wa mipango wa halmashauri ya mji ameketi pale mezani, amekuja na ramani. Wenye notisi mkononi wapange mstari kwake sasa hivi, akina mama wenye watoto watangulie. Wenye malalamiko ya kuuziwa ploti kwa udanganyifu waje upande huu, kwa sajini mwenye daftari, nasi tutaandika maelezo ya kila mmoja hapa hapa kabla ya giza kuingia. Waliobaki, maswali.