Jokofu Bovu Likitolewa Bure: Wajibu wa Mtoaji na Haki ya Mpokeaji

Mazungumzo yaliyotolewa katika maadhimisho ya Siku ya Haki za Mlaji Duniani, 15 Machi

Kila tunapoiadhimisha siku hii, mazungumzo yetu huwa juu ya muuzaji na mnunuzi: mizani, risiti, dhamana, tarehe ya mwisho wa matumizi. Leo naomba tuzungumze juu ya kitu kisicho na bei wala risiti. Nataka tuzungumze juu ya jokofu, au friji kama wengi tunavyoliita, lililotumika, lenye hitilafu, ambalo mwenyewe ameamua kumpa mtu bure.

Jambo hili ni la kawaida katika nyumba zetu. Familia inaponunua jokofu jipya, la zamani halitupwi. Hupelekwa kwa wazazi kijijini, hupewa dada wa kazi anapokwenda kuanza maisha yake, au hupewa mama ntilie wa jirani. Mila hii ni njema, nasi hatukuja kuipiga vita. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Lakini wahenga hao hao walisema rahisi ghali, na hakuna kilicho rahisi kuliko cha bure. Hoja yangu ni moja: anayetoa kitu kibovu hana budi kutoa pamoja nacho habari zake zote. Asipofanya hivyo, tatizo lililomshinda yeye amelihamishia katika nyumba yenye uwezo mdogo kuliko yake.

Sheria inaishia wapi

Tarehe 15 Machi ilichaguliwa kwa sababu siku hiyo, mwaka 1962, Rais John F. Kennedy wa Marekani alilipelekea Bunge la nchi yake ujumbe uliotaja haki nne za mlaji: haki ya usalama, haki ya kupewa taarifa, haki ya kuchagua na haki ya kusikilizwa. Mwaka 1985 Umoja wa Mataifa ulipitisha miongozo ya kumlinda mlaji, na nchi nyingi zimetunga sheria zake.

Hata hivyo, sheria za mauzo zimejengwa juu ya bei. Mnunuzi hudai kwa sababu amelipa. Aliyepewa bure hana risiti ya kuonyesha wala dhamana ya kudai, na mara nyingi hana hata ujasiri wa kurudi kulalamika, maana ataambiwa hana shukrani. Ofisi kama yetu inaweza kumwita muuzaji ajieleze. Haina njia ya kumwita shemeji. Kwa hiyo, katika zawadi, haki ya usalama na haki ya taarifa zimeachwa mikononi mwa mtoaji mwenyewe.

Ijue hitilafu kabla ya kutoa

Neno “bovu” halitoshi. Jokofu linaweza kuwa bovu kwa namna tatu, na kila namna ina gharama yake.

Namna ya kwanza ni hitilafu ndogo: taa imeungua, rafu imevunjika, mpira wa mlango umechakaa. Mpira huo mtu anaweza kuupima mwenyewe. Weka noti au kipande cha karatasi kati ya mlango na mwili wa jokofu, funga, kisha vuta. Karatasi ikitoka bila kushikwa, mpira umekwisha na baridi inavuja.

Namna ya pili ni hitilafu ya kati: gesi imepungua, au kifaa cha kuratibu baridi kimeharibika, hata jokofu likawa halipoi au linagandisha kila kitu. Hapa fundi anahitajika. Gesi ya jokofu huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, wala haiishi kwa kutumika kama mafuta ya gari. Ikipungua, mahali fulani pana tundu, na aghalabu tundu hilo hutokana na kisu kilichotumika kubandua barafu. Fundi anayejaza gesi bila kuziba tundu atarudi tena, na kila akirudi atalipwa.

Namna ya tatu ni hitilafu kubwa: kompresa imekufa, au jokofu linapiga shoti mtu anapoligusa. Kompresa ndiyo moyo wa jokofu, na mara nyingi kuibadilisha kwenye jokofu kuukuu hakulipi. Ama jokofu linalopiga shoti, hilo lisitolewe kwa mtu yeyote mpaka fundi umeme alirekebishe na kulipima. Kiangalieni pia kichwa cha waya wake. Mguu wa juu katika plagi ya miguu mitatu ni wa waya wa ardhi, unaoupa njia umeme uliovuja. Ukiwa umekatwa ili plagi iingie katika soketi ya matundu mawili, kinga hiyo haipo tena.

Hesabu ambayo mpokeaji haoni

Jokofu bovu linaweza kuwaka, likapoza kidogo, na mpokeaji akafurahi. Gharama yake huja baadaye, katika umeme.

Chukulieni jokofu ambalo kompresa yake hutumia wati 150. Likiwa zima, kompresa huwaka na kupumzika kwa zamu. Tuseme inawaka jumla ya saa 8 kwa siku. Hizo ni uniti 1.2 kwa siku, au uniti 36 kwa siku 30. Mpira wa mlango ukichakaa au gesi ikipungua, baridi inayotakiwa haifikiwi, na kompresa inaweza kufanya kazi saa 24 bila kupumzika. Hapo zinakuwa uniti 3.6 kwa siku, au uniti 108 kwa mwezi. Tofauti ni uniti 72 kila mwezi. Kila mmoja wenu azizidishe uniti hizo kwa bei anayolipa nyumbani kwake, kisha azizidishe kwa miezi 12. Wapo watakaokuta kwamba jokofu la bure linawagharimu kwa mwaka fedha ambazo zingelipia matengenezo yake.

Kinachohifadhiwa ndani

Ndugu zangu, jokofu si sanduku tu. Watu huliamini kwa chakula na kwa dawa.

Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kinachoharibika upesi kihifadhiwe chini ya nyuzi 5 za sentigredi, na kilichopikwa kisiachwe katika joto la kawaida la chumba zaidi ya saa 2. Mama ntilie aliyepewa jokofu lisilofika baridi hiyo ataweka nyama jioni akiamini iko salama, na kesho yake atawalisha wateja wake.

Hatari nyingine ni kwa wagonjwa wa kisukari. Insulini ambayo haijaanza kutumika huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8. Ikiganda, haifai tena hata ikiyeyuka, na mgonjwa akiitazama kwa macho anaweza asione tofauti yoyote. Mzee aliyepelekewa jokofu linalogandisha ovyo anaweza kujidunga dawa isiyofanya kazi, huku familia ikishangaa kwa nini sukari haishuki. Kwa hiyo mwulizeni mpokeaji atahifadhi nini, na kama ni dawa, msimpe jokofu ambalo baridi yake haijapimwa.

Kupima si kazi ngumu. Wekeni kipimajoto cha friji ndani ya glasi ya maji, katika rafu ya kati, kilale humo usiku kucha, msome asubuhi. Kipimajoto cha homa hakifai kwa kazi hii, kwa sababu vipimo vyake huanzia karibu na nyuzi 35.

Gesi na mabomba

Nyuma ya jokofu, au ndani ya ubavu wake, kuna kibandiko kinachotaja gesi iliyomo. Kisomeni kabla ya kutoa, na mtoaji asikibandue.

Mkikuta R12, jokofu ni la zamani sana. Gesi hiyo huharibu tabaka la ozoni linalotukinga na miale mikali ya jua, na ni miongoni mwa zile ambazo mataifa yalikubaliana kuziondoa kwa Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987. Jokofu la namna hiyo halifai kuanzishiwa maisha mapya. Mkikuta R134a, hiyo haiharibu ozoni, lakini kwa uzito ule ule huongeza joto la dunia zaidi ya mara 1,000 kuliko hewa ya ukaa. Ndiyo maana mwaka 2016 mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, yakakubaliana kupunguza gesi za jamii yake. Mkikuta R600a, hiyo haina madhara hayo makubwa kwa anga, lakini hushika moto. Kiasi chake katika jokofu la nyumbani ni kidogo, kwa kawaida hakifiki gramu 150. Hata hivyo fundi asichomelee bomba gesi ikiwa bado imo, wala asijaze gesi ya aina nyingine mahali pake.

Kwa gesi zote, neno ni moja: msikate mabomba ili kuuza shaba. Gesi ikitoka hairudi.

Mlango na watoto

Wakati jokofu linasubiri fundi au mchukuzi, mara nyingi huwekwa uani au nyuma ya nyumba. Hapo ndipo watoto huchezea kombolela. Mtoto akijificha ndani na mlango ukajifunga, hewa humwishia, na sauti yake haisikiki vizuri nje. Nchini Marekani vifo vya namna hii vilisababisha kutungwa, mwaka 1956, kwa sheria iliyowataka watengenezaji wa majokofu ya nyumbani waweke milango inayoweza kufunguka kutoka ndani. Mpira wenye sumaku wa siku hizi umepunguza hatari, lakini haukuimaliza, na friza la kifuniko lenye kufuli bado ni mtego.

Jokofu likikaa nje hata kwa usiku mmoja, geuzeni mlango uelekee ukutani au ufungeni kwa kamba imara. Friza lifungwe kwa ufunguo, na ufunguo uwekwe mbali na watoto. Jokofu lisilotengenezeka kabisa ling’olewe mlango kabla ya kuitiwa mnunuzi wa vyuma chakavu, na mnunuzi huyo aambiwe wazi kwamba gesi bado imo.

Maneno ya kuandika na maneno ya kuuliza

Tunawashauri watoaji waandike karatasi fupi na kuibandika mlangoni. Mfano wake ni huu:

“Jokofu hili limetumika miaka 9. Linawaka. Sehemu ya juu inagandisha, ya chini haipoi vizuri. Fundi alijaza gesi mwaka jana, ikapungua tena. Mpira wa mlango umechakaa. Halijawahi kupiga shoti. Gesi yake ni R134a. Halifai kuhifadhia dawa mpaka litengenezwe.”

Karatasi hiyo haimwaibishi mtoaji. Inamsaidia fundi kuanzia mahali panapostahili, na inampa mpokeaji nafasi ya kufikiri. Mwenye uwezo wa kuongeza fedha ya fundi, au angalau ya usafiri, atakuwa ametoa kwa ukamilifu.

Nawe mpokeaji, najua ni vigumu kukichunguza kitu unachopewa kwa upendo. Lakini kuuliza si utovu wa adabu. Sema: “Shangazi, nashukuru sana, Mungu akubariki. Kabla sijalibeba, naomba tuliwashe pamoja nilione linavyofanya kazi, nijue nimwambie nini fundi.” Hakuna shangazi atakayechukizwa na maneno hayo. Ukiona gharama zitakushinda, sema pia: “Shangazi, kwa sasa sitaweza kulitengeneza, heri apewe mwenye uwezo wa kulihudumia.” Kukataa kwa heshima ni sehemu ya ile haki ya kuchagua.

Ukishalichukua, lisafirishe likiwa limesimama. Likilazwa, mafuta ya kompresa huingia katika mabomba. Kwa hiyo ukilifikisha nyumbani, lisimamishe kwa saa kadhaa kabla ya kuliwasha. Liache mbali kidogo na ukuta ili joto la nyuma lipate pa kutokea. Mwite fundi siku za mwanzo, usisubiri lizime.

Ndugu wananchi, muuzaji tunamdai ukweli kwa nguvu ya sheria. Ndugu na jirani hatuna sheria ya kuwadai. Basi tunapotoa, tuseme ukweli kwa hiari yetu: kitu hiki kina ubovu huu, kitagharimu hivi, kina hatari hii. Mpokeaji akishasikia hayo na bado akanyoosha mikono, atakuwa amekipokea kwa macho yaliyo wazi.

Mafundi wetu wamo humu ukumbini; mwenye jokofu analotaka kulitoa, au aliyekwisha kupewa na lina mashaka, awaone kabla hatujaagana.