Dawa za Kukaza Mji wa Mimba, na Saa Yake



Mwanamke akishikwa na uchungu tangu alfajiri, na jua likatua hajajifungua bado, walio karibu naye huanza kutafuta dawa. Mmoja hutaja mizizi, mwingine majani ya kuchemshwa, na siku hizi yuko hata anayetaja kidonge cha kununua dukani. Nia yao ni njema, kwani nani asiyependa kumwona mzazi akipumzika? Lakini dawa ya kukaza mji wa mimba ina saa yake. Ikitolewa baada ya mtoto kuzaliwa huokoa roho ya mama. Ikitolewa kabla, bila kipimo wala mwangalizi, yaweza kuwaua wote wawili.

Sababu ni hii. Mji wa mimba ni mfuko wa misuli. Uchungu ukija misuli hukaza, ukipita hulegea. Inapokaza, damu iendayo kwa mtoto hupungua. Inapolegea, hurudi, na ndipo mtoto apatapo nafuu. Dawa kali ikiufanya mji ukaze pasipo kulegea, mtoto hukosa hewa humo tumboni. Na kama njia ni nyembamba, au mtoto amelala kingamo, mji wenyewe waweza kupasuka, hasa kwa mama aliyepata kupasuliwa katika uzazi uliotangulia.

Mtoto akiisha kutoka, mambo hugeuka. Mimba inapotimia, zaidi ya nusu lita ya damu hupita katika mji kila dakika, na kondo la nyuma likibanduka huacha mishipa wazi. Kinachoifunga ni misuli ile ile, ikibana kama kamba ya mfuko inavyobana mdomo wake. Isipobana, mama aliyekuwa akimtazama mwanawe kwa furaha aweza kufa kabla ya saa mbili kwisha. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba wanawake kama 70,000 hufa kwa njia hiyo kila mwaka, na wengi wao ni wa nchi maskini.

Watu wa Ulaya nao walijifunza jambo hili kwa machozi. Katika nafaka yao iitwayo rai huota kuvu nyeusi, na wakunga wa huko waliitumia tangu kale. Mjerumani Adam Lonicer aliitaja katika kitabu chake cha 1582. Mwaka 1808 Daktari John Stearns wa Marekani aliwaandikia wenzake akiisifu kwa kuharakisha uzazi. Madaktari wakaipokea kwa shangwe, pengine kwa sababu iliwapunguzia kukesha. Haikupita miaka mingi, watoto waliozaliwa wafu wakaongezeka, na mwaka 1824 Daktari David Hosack wa New York akaonya kwamba itumiwe tu kuzuia damu baada ya kuzaa. Kutoka kuvu hiyo ilipatikana ergometrini mwaka 1935. Hata hiyo haipewi mama mwenye shinikizo la damu.

Wala mambo haya si ya Ulaya peke yake. Katika miaka ya 1960 daktari wa Norway, Lorents Gran, alipokuwa akifanya kazi Kongo, aliona wanawake wakinywa maji ya mmea uitwao kalata-kalata ili kuharakisha uchungu. Aliuchunguza, akakuta ndani yake kitu kinachokaza mji kwelikweli. Basi asikosee mtu kudhani kwamba dawa za miti ni maji matupu. Nguvu zinazo, na hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa hakuna ajuaye ni kiasi gani kimo katika kikombe kimoja.

Dawa inayotumiwa zaidi sasa ni oksitosini. Mwili wenyewe huitengeneza, na mtoto anyonyapo huzidi; kwa hiyo desturi ya bibi zetu ya kumpa mtoto ziwa mara moja ni desturi njema, ingawa haitoshi kushika mahali pa sindano. Mwaka 1906 Henry Dale wa Uingereza aligundua kwamba maji ya kitezi kilicho chini ya ubongo hukaza mji, na mwaka 1953 Vincent du Vigneaud wa Marekani aliweza kuiunda dawa hiyo kwa mikono ya watu. Mama aliyejifungua huchomwa yuniti 10. Hospitalini hutumiwa hata kabla ya mtoto kutoka, lakini hutiwa tone kwa tone, na muuguzi huhesabu uchungu na kuusikiliza moyo wa mtoto, tayari kufunga mrija.

Taabu ya oksitosini ni joto. Yataka kuwekwa katika baridi ya digrii 2 mpaka 8, na zahanati nyingi hazina friji ya kutegemewa. Kwa hiyo ilikuwa habari kubwa mwaka 2018, kabetosini isiyoharibiwa upesi na joto ilipojaribiwa kwa wanawake karibu 30,000 katika nchi 10, Kenya na Uganda zikiwamo, ikaonekana kuzuia damu sawa na oksitosini. Kabetosini hii hutolewa baada ya mtoto kuzaliwa tu. Pasipo na sindano wala baridi, viko vidonge vya misoprostoli, navyo ni vya saa hiyo hiyo.

Mama aliyekwisha kunywa dawa yo yote nyumbani na aseme mara tu afikapo zahanati, hata kama mama mkwe amesimama hapo na maneno yana haya. Akinyamaza, aweza kuongezewa dawa juu ya dawa. Naye mkunga, mtoto akiisha kupokewa, huweka kwanza mkono juu ya tumbo la mama, ahakikishe kwamba hakuna pacha aliyebaki ndani. Akiisha kuhakikisha, huchoma sindano.