Alama ya Tanzania inayokula michango

Ba mama, ba baba, nanyi wafadhili wetu, nasema juu ya daftari la kompyuta. Kule Nyarugusu na Lugufu tulizoea kuandika feza hivi: 5000/=. Ndani ya Excel, mashine iko naona maneno, haioni hesabu. SOMME inairuka, kimya. Mama ametoa mchango wake, jumla haimo; msiba ukimfika tunamwambia hajalipa!

Kama michango iko safu ya C, pembeni andika =ESTTEXTE(C2), vuta mpaka chini. Ikijibu VRAI, kuna maneno: futa, andika 5000 tupu. Lakini kisanduku kisicho na kitu nacho kinajibu FAUX, hiyo si risiti. Watunza feza wa Baraka na Fizi, mupime kabla ya kusoma ripoti.