Mafuta ya gobori, kazi ya jembe

(Maneno niliyosema kwenye mkutano wa wanamemba, Kilibula)

Ninyi wafadhili mtakaosoma maneno haya, asanteni kwa majembe na mapanga mliyotutumia.

Nianze na jambo la haya. Niligawa vyombo hivyo hapa Kilibula, nikapiga picha, watu wakasaini, nikaenda zangu. Niliporudi mvua zikiwa zimepiga, vingi vilikuwa vimeshika kutu. Sisi tunaishi kando ya ziwa, hewa yenyewe ina maji. Nilifundisha namna ya kulima, sikufundisha namna ya kutunza chuma. Kosa ni langu.

Siku ile mzee mmoja wa kwetu akanionyesha panga lake. Safi kabisa. Nikamuuliza, "Mzee, unapaka nini?" Akasema, "Mafuta ya gobori, mtoto wangu."

Vijana wengi hawajui gobori. Ni bunduki ya wawindaji wa zamani, inayojazwa kwa mdomo. Unamwaga baruti, halafu unasukuma kwa fimbo risasi iliyozungushiwa kitambaa. Kitambaa lazima kipakwe mafuta, risasi iteleze, na masizi ya baruti yabaki laini yasigande ndani. Mafuta hayohayo mwindaji alipaka juu ya chuma kuzuia kutu.

Gobori ya mzee ilibaki huku 1996, alipokimbia na familia kuvuka ziwa mpaka Kigoma. Kule kambi ya Nyarugusu alipaka majembe. Sisi pia hatutafuti bunduki, tunatafuta yale mafuta tu. Njo alivyotufundisha:

Kwanza, mafuta ya ng'ombe au ya mbuzi. Kata vipande vidogo, chemsha na maji bila chumvi, chuja, acha yapoe. Yakiganda juu, yatoe, kwangua uchafu wa chini, urudie mara ya pili. Kisha yapashe polepole mpaka yaache kulia. Yakilia, bado yana maji. Maji na chumvi ndivyo vinavyoleta kutu, kwa hiyo usitumie mafuta yaliyobaki ya kukaangia.

Pili, nta ya nyuki. Pima sehemu moja ya nta kwa sehemu mbili za mafuta. Weka vyote katika sufuria ndogo, na hiyo ndogo ikae ndani ya sufuria kubwa yenye maji, juu ya mbabula. Nta inayeyuka karibu digrii 63, haihitaji moto mkali. Usiiweke moja kwa moja juu ya makala, inaweza kuwaka. Ikiwaka, funika na mfuniko. Usimwagie maji hata kidogo!

Tatu, dondosha tone moja juu ya sahani baridi. Likiwa gumu sawa vile mshumaa, ongeza mafuta. Likiteleza sawa vile maji, ongeza nta. Kisha mimina ndani ya kopo kavu.

Kupaka: sugua kutu kwanza, kausha chombo juani, halafu paka kidogo kwa kitambaa, kila unapotoka shambani. Lakini mashini ya kushona, hapana. Mimi nilijaribu kwa ba mama washonaji, ikakwama siku nzima. Ile inataka mafuta yake mepesi.

Kuna neno moja tena. Mama mmoja Muislamu aliuliza hapa, "Ndani ya kopo kuna mafuta ya mnyama gani?" Wengine wakacheka. Tusicheke. Mwaka 1857 kule India, askari wa jeshi la Waingereza walisikia kwamba karatasi za risasi, walizopaswa kung'ata kwa meno, zimepakwa mafuta ya ng'ombe na nguruwe. Wahindu na Waislamu wote waliumia moyoni. Wakubwa wakaja kuwaruhusu wapake mafuta yao wenyewe, lakini imani ilikuwa imekwisha kuvunjika. Manung'uniko yalikuwa mengi, ila mafuta yale yalisaidia kuwasha uasi mkubwa. Sisi tumerudi kutoka kambi mbalimbali, dini mbalimbali. Kila kopo tuandike: nta na mafuta ya mbuzi, au ya ng'ombe. Nguruwe hatutaweka. Anayeuliza ajibiwe kwa heshima.

Mwisho, wafadhili wetu. Tulikuwa tumekwisha andika barua ya kuomba majembe mapya. Tumeisimamisha. Tunaomba sufuria mbili, vichujio, na nta ya kuanzia. Majembe tuliyo nayo bado ni mazima, tukiyatunza.

Mkutano ujao kila mmoja aje na jembe lake, hata kama limeshika kutu. Mzee atakuwepo.