Siku ya mbio za farasi Ngong Road: mwongozo kwa mkazi anayekwenda mara ya kwanza

(Maandishi ya mazungumzo kwa wakazi wa Riruta, Kawangware na Kibera)



Kila mtu anayepanda matatu ya 111 kuelekea Karen au Ngong huupita uwanja wa mbio za farasi. Uko upande wa kushoto baada ya Dagoretti Corner, mkabala na Ngando, na makanga huita jina lake kila siku: "Racecourse, shukia hapo!" Hata hivyo, wako wakazi waliozaliwa Riruta, wakasomea Riruta na kulea watoto Riruta, lakini hawajawahi kuvuka lile lango. Ukiwauliza sababu, jibu huwa moja kati ya mawili. Kwanza, kwamba pale si mahali pa watu wa mitaa yetu. Pili, kwamba pale ni mahali pa kupotezea pesa. Jibu la kwanza si kweli tena. Jibu la pili lina ukweli ndani yake, na ndiyo sababu litachukua sehemu kubwa ya mazungumzo haya.

Uwanja ulivyofika hapa

Mbio za farasi zililetwa Nairobi na walowezi Waingereza mwanzoni mwa karne iliyopita, mji ukiwa bado mchanga. Uwanja wa zamani haukuwa Ngong Road. Ulikuwa ng'ambo ya pili ya mji, upande wa Kariokor na Eastleigh. Mkazi akipita leo katika barabara iitwayo Racecourse Road, kule kunakoelekea Ngara na Kariokor, haoni farasi hata mmoja. Jina limebaki, lakini farasi walihama. Mwaka wa 1954 mbio zilihamia Ngong Road, na hapo ndipo zilipo hadi sasa, chini ya usimamizi wa Jockey Club of Kenya. Zamani mbio zilifanyika pia Nakuru, Eldoret na Limuru. Siku hizi anayetaka kuona mbio za kawaida za farasi nchini Kenya hana budi kuja hapa, jirani na kwetu.

Enzi za ukoloni Mwafrika aliingia uwanjani zaidi kama mfanyakazi. Ndiye aliyekuwa saisi: alimlisha farasi, alimpiga brashi, alimtembeza na kulala karibu na banda lake. Heshima na vikombe vilikwenda kwa wengine. Leo wapanda farasi Wakenya wanashindana, wanashinda na majina yao huchapishwa kwenye kijitabu cha mbio. Kazi ya saisi nayo ingali ipo, nayo huanza alfajiri, kwa kuwa farasi hufanyishwa mazoezi kabla jua halijawa kali. Kwa hiyo mkazi anayeingia kama mtazamaji haingii shamba la mwenyewe. Anaingia mahali ambapo jasho la watu kama yeye limekuwapo tangu mwanzo.

Kufika na kuingia

Anayetoka Kawangware au Riruta hufuata Naivasha Road hadi Dagoretti Corner, kisha hupanda gari la kuelekea Karen au Ngong na kushuka stejini Racecourse. Anayetoka Kibera hutokea Adams, halafu hufuata Ngong Road hiyo hiyo, akipita Dagoretti Corner. Ngong Road ina magari ya kasi, kwa hiyo wenye watoto wavukie mahali palipotengwa, wala wasikimbilie upenyo.

Mbio huwa Jumapili mchana hadi jioni, lakini si kila Jumapili. Msimu una mapumziko yake, na ratiba hubadilika. Kabla ya kuwavalisha watoto viatu vya Jumapili, ni vyema kuthibitisha tarehe na kiingilio kwa Jockey Club yenyewe. Siku yenye watu wengi kuliko zote ni ya Kenya Derby, ambayo kwa kawaida huwa mwezi wa Aprili. Hiyo ni mbio ya mita 2,400 kwa farasi wa miaka mitatu, na ilianza kukimbiwa mwaka wa 1914. Aprili ni mwezi wa masika, kwa hiyo mwavuli na sweta si mzigo. Siku hiyo kuna wanaovaa kofia kubwa na suti. Siku za kawaida nguo safi za kutokea zinatosha.

Mambo yanavyokwenda

Mgeni wengi humponyoka mambo mazuri kwa sababu hukaa jukwaani akingoja tu farasi wapite. Mbio zenyewe ni fupi. Mbio ya mita 1,200 humalizika kwa dakika moja na sekunde chache. Uhondo uko katika nusu saa inayotangulia.

Kabla ya kila mbio, farasi huletwa na masaisi wao katika uwanja mdogo wa maonyesho na kuzungushwa polepole ili watu wawaone. Hapo mgeni asimame karibu na ua aangalie. Farasi aliye tayari huwa na manyoya yanayong'aa, hatua ndefu na masikio yaliyo macho. Anayetokwa na jasho jingi kabla hata ya kukimbia huenda ana wasiwasi, na nguvu zake zinaisha pale pale. Kisha wapanda farasi hutokea wamevaa rangi za mwenye farasi, hupewa maagizo ya mwisho, hutia mguu kwenye kikuku na kupanda.

Kijitabu cha mbio humwambia msomaji mengi: nambari ya farasi, umri wake, mkufunzi wake, anayempanda, na uzito atakaobeba. Hilo la uzito huwashangaza wengi. Katika mbio nyingi farasi aliyezoea kushinda hubebeshwa uzito zaidi, ili wengine nao wapate nafasi. Mpanda farasi hupimwa akiwa na tandiko lake, na uzito ukipungua huongezwa vipande vya risasi. Akimaliza hupimwa tena, ili ijulikane kwamba hakuna kilichodondoshwa njiani. Kwa hiyo matokeo hayawi rasmi mpaka yatangazwe. Aliye na tikiti mkononi asiitupe kwa hasira wala asishangilie mapema.

Pesa mfukoni

Sasa tuje kwenye lile jibu la pili. Kamari ya mbio za farasi ni halali, na mtu mzima anaruhusiwa kuicheza. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi, hata akitumwa na babake dirishani. Lakini ni muhimu kila mtu ajue hesabu yake kabla ya kutoa noti, kwa maana wengi huijua baada ya noti kwisha.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya wachezeshaji wanaotangaza bei. Wakisema tatu kwa moja, aliyeweka Sh100 akashinda hupata Sh300 na kurudishiwa Sh100 zake. Ya pili ni ya toti, ambapo pesa za wachezaji wote hutiwa chungu kimoja. Kwanza hukatwa fungu la mwendeshaji na la kodi, na kinachobaki hugawiwa walioshinda.

Uchukuliwe mfano, na ni mfano tu. Chungu kina Sh10,000, na Sh2,500 zikakatwa. Zimebaki Sh7,500. Ikiwa waliompa imani farasi aliyeshinda waliweka jumla ya Sh1,500, kila shilingi yao italeta shilingi tano. Lakini ikiwa farasi huyo alikuwa kipenzi cha wengi na aliwekewa Sh6,000, aliyeweka Sh100 atapata Sh125. Amebahatisha, ameshinda, na faida yake ni nauli ya matatu.

Sasa uangaliwe upande wa pili. Watu wale wale wakichukua zile Sh7,500 na kuziweka zote kwenye mbio ya pili, wakikatwa kwa kiwango kile kile, watabaki na Sh5,625. Baada ya mbio ya tatu watabaki na takriban Sh4,219. Baada ya nne, Sh3,164. Hakuna aliyeiba, wala hakuna farasi aliyechelewa kwa makusudi. Mmoja mmoja atakuwa ameshinda hapa na pale, lakini kundi zima limepoteza zaidi ya theluthi mbili ya lilichokuja nacho, na jua bado halijazama. Ndivyo kamari inavyofanya kazi, iwe ya farasi, ya mpira au ya ndege ya kwenye simu.

Tofauti ni kwamba uwanjani kuna mwisho. Mbio ya mwisho ikiisha, dirisha hufungwa na watu hurudi nyumbani. Kamari ya simu haifungi. Kijana wa mtaani anayeanza kwa mkeka wa Sh50 asubuhi anaweza kukopa kwa simu ile ile saa tano usiku ili kuzifuata zilizopotea. Kila mzazi aliyepo anajua nyumba ambayo karo ilipotea hivyo, au kodi ya mwezi, au stoku ya kibanda.

Kwa hiyo shauri kwa anayekwenda na familia ni rahisi. Atenge nyumbani pesa za kiingilio, chakula na nauli ya kurudi, na nauli hiyo ishikwe na mtu mwingine. Akitaka kuweka kidogo kwa ajili ya raha, kiwe kiasi alichokwisha kukihesabu kuwa kimetumika, kama anavyohesabu pesa za tikiti ya sinema. Kikiisha, kimeisha. Asikope, asiuze simu, asimwendee rafiki. Wahenga walisema, mpanda farasi wawili hupasuka msamba. Aliyekwenda kustarehe na watoto astarehe. Akigeuza safari hiyo kuwa ya kutafuta kodi ya nyumba, atakosa vyote viwili.

Na ikiwa yupo mtu nyumbani ambaye tayari anaficha, anakopa na kusema "leo nitazirudisha", asitukanwe mbele ya watoto. Azungumziwe faraghani, na mtu anayemheshimu. Kituo cha afya kilicho karibu, mhudumu wa afya ya jamii au kiongozi wa dini anaweza kuombwa amwelekeze kwa mshauri. Kushindwa kuacha kamari ni ugonjwa unaotibika, na mapema ni bora.

Watoto na usalama

Farasi wa mbio ana uzito wa karibu kilo 500 na hukimbia kwa kasi inayofika kilomita 60 kwa saa. Hawezi kusimama ghafla. Mtoto asiachwe aupande ua wala kupita chini yake, hata kama mpira wake umeviringika ng'ambo. Farasi asipitiwe kwa nyuma, kwa kuwa teke lake huvunja mfupa. Asilishwe biskuti wala mahindi ya kuchoma. Asipigwe picha kwa mwanga mkali akiwa anazungushwa. Mtoto akitaka kumkaribia, saisi aombwe kwanza. Akisema hapana, ni hapana.

Jukwaa hujaa wakati farasi wanapomalizia. Wazazi wakubaliane mapema mahali pa kukutana mtoto akipotea, na mtoto mdogo atembee na nambari ya simu ya mzazi kwenye karatasi mfukoni.

Vilivyo jirani

Anayefika mapema ana mengine ya kuona. Hatua chache kando ya Ngong Road kuna Makaburi ya Vita ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka wa 1941, walikozikwa askari zaidi ya 1,900 wa Vita vya Pili vya Dunia, Waafrika wakiwemo. Ni mahali pa kunyamaza, na mwanafunzi wa historia atajifunza mengi kwa kusoma mawe tu. Upande mwingine kuna msitu wa Ngong Road. Huko mgeni asiingie peke yake. Afuate utaratibu wa walinzi wa msitu, na kutembea na kundi ni salama zaidi.

Wasichana wanaosoma nao wana hadithi ya kuichukua hapa. Beryl Markham alikuja Kenya akiwa mtoto mdogo, akakulia Njoro ambako babake alifuga farasi wa mbio. Alipata leseni ya ukufunzi wa farasi kabla ya kutimiza miaka 20, katika kazi iliyokuwa ya wanaume. Mwezi wa Septemba 1936 aliruka peke yake kwa ndege kutoka Uingereza hadi Kanada, akiivuka Atlantiki kuelekea magharibi. Baadaye alirudi kwenye farasi, akawafunza washindi wa Kenya Derby, na aliishi uzeeni karibu na uwanja huu hadi alipofariki mwaka wa 1986.

Kwa kumalizia

Uwanja huu uko ndani ya mwendo wa matatu moja kutoka mlangoni kwa mkazi wa Riruta. Mtoto wa Kawangware ambaye farasi amemwona kwenye kitabu cha shule tu anaweza kumwona akipumua, akitoa mvuke baada ya kukimbia, akipigwa brashi na saisi anayemwita kwa jina. Hilo halihitaji tikiti ya kamari. Linahitaji kiingilio, nauli na jioni moja ya mzazi.

Nendeni, tazameni, rudini na nauli yenu.