Gari Kuukuu la Kifahari, au Jipya la Nguvu?

(Mazungumzo yaliyotolewa katika ukumbi wa shule, siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Katibu wa chama chetu aliniomba nizungumze juu ya "Mtumishi wa Serikali na Maisha ya Leo". Mada hiyo ni nzuri, lakini nimeikwepa, na ninamwomba radhi mbele yenu. Sababu ni hii. Katika mkutano uliopita, baada ya chakula, niliwaona vijana wa Kidato cha Tatu na cha Nne wamelizunguka gari la mmoja wetu pale chini ya mwembe. Waliuliza maswali mengi: lina silinda ngapi, linakimbia kiasi gani, limenunuliwa kwa shilingi ngapi. Nilisimama pembeni nikasikiliza mpaka mwisho. Hakuna hata mmoja aliyeuliza linatunzwa kwa shilingi ngapi. Basi leo nitazungumza juu ya magari.

Kuna mwenzetu mmoja tuliyelala naye bweni moja miaka minne. Siku hizi anaishi Marekani, katika jimbo la Texas, na kazi yake ni uuguzi, zamu za usiku. Amenipa ruhusa ya kusimulia habari zake, ila jina lake amelizuia. Mwaka 2024 alinipigia simu. Alikuwa amejiwekea akiba kwa miaka minane, ikafika dola elfu arobaini na ushei, na kwa mara ya kwanza maishani alitaka kununua kitu ambacho si cha lazima. Mbele yake palikuwa na magari mawili ambayo bei zake zilikaribiana sana. La kwanza lilikuwa Bentley Continental GT la mwaka 2006. La pili lilikuwa Ford Mustang GT jipya kabisa, ambalo halijakanyaga barabara.

"Wewe ndiye bwana magari wa serikali," akaniambia. "Nichagulie."

Ni kweli kwamba kwa miaka kumi na minne sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kupitia mafaili ya magari ya idara: lipi litengenezwe, lipi lipigwe mnada. Lakini Bentley haijapita mezani kwangu hata siku moja, wala Mustang. Nikamwomba siku tatu.

Vijana wavumilie kidogo niwaeleze tofauti ya magari haya, maana wazee hapa mbele wanajifanya wanaijua. Herufi GT ni kifupi cha maneno ya Kiitaliano, gran turismo, yaani safari kubwa. Ni gari la kuwachukua watu wawili na mizigo yao kutoka nchi moja hadi nyingine, mchana kutwa, kwa kasi, nao washuke jioni bila kuumwa mgongo. Continental GT lilitoka mwaka 2003, miaka michache baada ya Volkswagen kuinunua Bentley mwaka 1998. Injini yake ilikuwa ya silinda kumi na mbili, lita 6, yenye turbo mbili na nguvu za farasi 552. Gari zima lina uzito wa zaidi ya kilo 2,300, na bado linapita kilometa 300 kwa saa. Ndani ni ngozi na mbao. Diski za breki za mbele zina upana wa milimita 405, yaani karibu sawa na sinia la pilau la watu wanne. Lilipokuwa jipya liliuzwa Marekani kwa dola zipatazo 150,000.

La pili ni la ukoo mwingine. Wamarekani huyaita magari hayo kwa jina lenye maana ya "magari ya misuli". Mwaka 1964 Pontiac walichukua gari la ukubwa wa kati, wakatia ndani yake injini ya lita 6.4, wakaliita GTO, jina walilolichukua kwa Waitaliano wa Ferrari. Safari kubwa haikuwamo. Lililokuwamo ni kuondoka kwenye taa za barabarani kabla ya jirani yako. Mwaka huohuo, tarehe 17 Aprili, Ford walilitoa Mustang kwa bei iliyoanzia dola 2,368. Wajuzi watanisahihisha kwamba Mustang lina kabila lake dogo, la "farasi wadogo". Sibishani nao, lakini lenye silinda nane ni misuli mitupu. Baadaye magari hayo yalipatwa na mambo matatu kwa mfululizo: bima ghali, sheria za moshi, na shida ya mafuta ya mwaka 1973. Yakasinyaa, kisha yakarudi. Mwishoni mwa 2023 uundaji wa Dodge Challenger ulikoma, na wa Chevrolet Camaro nao ukakoma. Kati ya wale watatu mashuhuri Mustang likabaki peke yake, na injini yake ya lita 5 isiyo na turbo, nguvu za farasi 480, kilo 1,700 na kitu.

Sasa hesabu. Mwenzetu alikuwa na hoja nzito, wala sikuidharau. Alisema: "Bwana, gari la dola 150,000 nalipata kwa 40,000. Hasara ameshaila mtu mwingine. Hilo jipya nikilitoa tu getini limeshapoteza thamani, na hasara hiyo ni yangu mimi." Kila neno hapo ni la kweli. Tena Bentley ni gari bora kuliko Mustang, kwa kiti, kwa utulivu, kwa ufundi. Anayesema vinginevyo hajui magari.

Lakini spea haijui kwamba gari limeuzwa kwa bei ya chini. Gari limeshuka hadi robo ya bei yake. Breki zake, springi zake za upepo, turbo zake, hazikushuka. Bado ni za gari la dola 150,000, na fundi anayelijua bado anatoza saa zake kwa kiwango hichohicho. Injini ile imebanwa mle ndani kiasi kwamba kwa kazi nyingine mafundi hulazimika kuishusha yote chini ndipo waifikie sehemu moja ndogo. Mwenye gari wa kwanza alikuwa mtu ambaye bili ya namna hiyo haimkoseshi usingizi. Wa nne au wa tano ni muuguzi wa zamu za usiku.

Ofisini kwetu jambo hili lina sura yake. Bei ya kununua imo katika kifungu kimoja, matengenezo katika kifungu kingine, na aghalabu anayetia sahihi hapa siye anayelia kule. Nyumbani vifungu vyote viwili vimo katika mfuko mmoja wa suruali.

Hapa, Ndugu Mwenyekiti, nina jambo la kukiri. Nilipokuwa na umri wa miaka thelathini na mitatu nilipandishwa cheo, na mwezi wa pili wake nikanunua gari kubwa la kifahari kutoka kwa mgeni aliyekuwa akimaliza mkataba wake na kurudi kwao. Sitalitaja ni la aina gani. Bei ilikuwa kama sadaka. Kwa fedha zile ningepata gari dogo la kawaida. Miezi sita niliishi kama waziri. Nilikwenda nalo kijijini, wazee wakasimama. Kisha zikaja mvua za masika. Asubuhi moja nilitoka nje nikalikuta limelala tumbo chini, kama ng'ombe mgonjwa, springi za upepo zimekwisha. Spea iliagizwa ng'ambo. Bei yake ilikuwa mishahara yangu ya miezi mitano. Nililipa. Kabla ya mwaka kwisha, gia nazo zikaanza.

Mwaka ule dada yangu mdogo alikuwa amepata nafasi ya chuo. Baba alikwisha kufariki, na ada nilikuwa nimeiahidi mimi, mbele ya mama. Fedha za ada zilikuwa ndani ya gari. Dada alingoja mwaka mzima nyumbani. Hakunilaumu. Jioni moja aliniletea chai pale uani nilipokuwa nimesimama nikilitazama lile dude juu ya matofali, akaniwekea kikombe juu ya boneti, akarudi ndani. Leo ana kazi yake na watoto wake, na mwaka ule bado anautaja. Anautaja kwa utani, lakini anautaja.

Msinielewe vibaya nikionekana nasema gari lililotumika ni baya. La hasha! Nimekuja hapa leo na gari lililotumika Japani miaka kadhaa kabla halijanifikia, kama walivyokuja wengi wenu. Lakini hilo likikohoa, spea yake iko Gerezani, tena kwa maduka matatu yanayoshindana bei, na fundi wa mtaani analijua kama anavyojua vidole vyake. Kuukuu ninaloliogopa ni lile ambalo fundi wake yuko mbali na spea yake ina bei ya kiwanja.

Siku ya tatu nikampigia mwenzetu. Kwanza nilimwuliza anakwenda wapi. Akasema: kazini, kilometa ishirini na mbili, na gari hulala nje ya hospitali usiku kucha. Safari ndefu? Mara mbili kwa mwaka. Hapo Bentley tayari lilikuwa limepoteza nusu ya kesi yake, maana gari la safari kubwa linataka safari. Nikamweleza kwamba Ford hulidhamini gari jipya kwa miaka mitatu au maili 36,000, na injini na gia kwa miaka mitano au maili 60,000. Halafu nikamtajia na ubaya wa Mustang: ni gumu barabarani, lina kelele, bima yake si ndogo, na viti vya nyuma ni vya mikoba.

Mwisho nikampa sharti. Nikamwambia: kabla hujanunua Bentley, lipandishwe juu kwa fundi asiye na ubia na muuzaji, na daftari lake la matengenezo liwe kamili. Kisha tenga dola elfu kumi nje ya bei, uzihesabu kuwa zimekwisha kutumika. Ukiweza kuzitenga bila kuvunja ahadi yako kwa mtu yeyote, nunua, nami nitakuja Texas unipakie.

Simu ilikaa kimya. Kisha akasema, "Ninamlipia mama dawa za kila mwezi." Nikamwambia najua. Akasema, "Basi."

Alinunua Mustang, la gia za mkono, sita, rangi ya buluu. Alimpelekea mama yake picha, na mama akamwuliza kwa nini wamempunja milango miwili. Kwa mwaka wa kwanza halijamgharimu zaidi ya oili, petroli na bima. Lakini nisiwadanganye kwamba alifurahi moja kwa moja. Aliniambia kwamba kwa majuma kadhaa, akitoka zamu alfajiri, alikuwa akipitia njia ya mbali ili apite mbele ya yadi ile alikoliona Bentley, akipunguza mwendo. Siku moja halikuwapo. "Nililipenda lile," akasema. Sikumpinga, kwa kuwa hata mimi langu nililipenda, na nilipoliuza kwa kilo, kama chuma chakavu, sikwenda kulishuhudia likipakiwa.

Kijana mwenye swali anione baadaye. Gari langu liko pale chini ya mwembe, na ndani yake kuna daftari nililoandika kila shilingi iliyolila tangu siku nililolichukua bandarini. Anaruhusiwa kulisoma.